MUBANGI: MGENI WA MSIMU MMOJA KATIKA MASHAMBA YA TIMAU

Msafiri atokaye Nanyuki kwenda Meru kwa barabara kuu huwa na Mlima Kenya upande wake wa kulia, na upande wa kushoto huiona nchi kavu ya Isiolo na Samburu imelala mbali chini kama mkeka uliotandikwa. Kati ya mlima na nchi hiyo kavu ndipo ulipo mji mdogo wa Timau, mahali penye baridi, palipo juu ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari; na pande zote za mji huo yapo mashamba ya ngano, shayiri na viazi. Mvua zikiisha, na ngano ikianza kugeuka rangi, msafiri huyo ataona pia mmea mwingine ambao hakuna aliyeupanda. Umesimama kando ya nyua za mashamba, katika mitaro ya barabara, nyuma ya maboma ya ng'ombe na katikati ya matuta ya viazi. Ni mrefu na mwembamba, wa kijani kilichokolea, na kileleni umebeba vishada vya maua madogo ya manjano hafifu, ambayo mtu asiyeinama hayaoni. Harufu yake ni kali. Mtoto akipita katikati yake na kuugusa kwa bega, mama yake hana haja ya kumwuliza alikopita.

Katika nchi zilizouzunguka Mlima Kenya wengi huuita mubangi. Wataalamu wa mimea huuita Tagetes minuta. Watu wengi wameujua tangu utoto wao, hata wadhani kwamba ulikuwako tangu zamani za mababu, kama mwerezi na mwanzi wa mlimani. Sivyo. Mubangi ni mgeni. Kwao ni Amerika ya Kusini, katika nchi za Peru, Bolivia, Chile, Paraguay na Argentina, ng'ambo ya bahari kuu, na umefika Afrika kwa mikono ya watu ambao hawakujua kwamba walikuwa wameubeba.

Yafaa kuueleza mmea huu kwa urefu kidogo. Mkulima wa Timau hupigana nao kila mwaka, na kila mwaka humrudia. Na sababu ya kumrudia imo katika maumbile ya mmea wenyewe.

JINA LAKE NA NDUGU ZAKE

Kwanza yafaa kuondoa shaka iliyoletwa na jina. Mubangi si bangi. Aliyeupa jina hilo aliona majani yaliyogawanyika vipande vyembamba vyenye meno pembeni kama msumeno, akasikia harufu kali, akakata shauri kwamba ni bangi au ndugu yake. Lakini atazamaye kwa makini ataona tofauti mara moja. Jani la bangi limegawanyika kama vidole vya mkono: vipande vyote vyaanza mahali pamoja, penye kikonyo. Jani la mubangi limegawanyika kama unyoya wa ndege: upo uti mmoja katikati, na vijani vidogo, tisa hata kumi na saba hivi, vimepangwa kushoto na kulia ya uti huo, na kimoja kimesimama kwenye ncha. Tena bangi huwa na mashina ya kiume na mashina ya kike mbalimbali, ambapo kila shina la mubangi hutoa mbegu. Bangi imekatazwa na sheria ya Kenya. Mwenye mubangi shambani mwake hana kosa lo lote ila uvivu wa jembe.

Jina la Kiingereza nalo limepotoka. Waingereza huuita ua la Meksiko, na Meksiko si kwao. Liko ua jingine la ukoo huo huo ambalo kweli lilitoka Meksiko: ni lile kubwa la rangi ya machungwa lipandwalo bustanini, ambalo Wahindi hulitunga mashada kwa arusi na sikukuu zao. Hilo ni ndugu wa mubangi, na mwenye kulinusa atautambua udugu, ingawa mmoja amelelewa bustanini na mwingine amelelewa mtaroni.

Jina la kitaalamu lilitolewa na Linnaeus, mtaalamu wa Uswidi, katika kitabu chake cha mimea cha mwaka wa 1753. Neno minuta kwa Kilatini maana yake ni kitu kidogo sana. Mkulima ambaye mubangi umemfunika kichwa atacheka kusikia hivyo, kwa maana mmea huu waweza kufikia mita moja na nusu, hata mbili penye rutuba. Lakini kilichopimwa ni ua, si shina. Na neno Tagetes husemwa kuwa limetokana na Tages, mtu wa hadithi za kale za Italia, ambaye siku moja alichomoza ardhini mbele ya mkulima, kutoka katika mfereji uliochimbwa na plau. Kwa gugu lichomozalo baada ya plau kupita, jina hilo halikukosea.

Mubangi umo katika jamii kubwa sana ya mimea, ambayo ndani yake yamo alizeti na pareto, na pia lile gugu la kishona-nguo lenye mbegu zinasazo katika suruali. Alama ya jamii hii ni kwamba kile kionekanacho kama ua moja si ua moja, bali ni kusanyiko la maua mengi madogo yaliyokaa katika kikombe kimoja. Atakayelipasua ua la alizeti ataona mamia ya maua madogo yamebanana, kila moja na mbegu yake. Katika mubangi kusanyiko hilo ni dogo mno. Kikombe chake ni chembamba kama kipande cha kijiti cha kiberiti, chenye urefu wa sentimita moja hivi, nacho kimefanywa na vijani vitatu au vinne vilivyoungana. Ndani yake mna maua mawili au matatu ya pembeni, ambayo kila moja lina ulimi mfupi wa manjano hafifu, na maua manne hata saba ya katikati yasiyo na ulimi. Basi kichwa kimoja hakitoi mbegu zaidi ya kumi hivi. Mtu aweza kusema kwamba hizo ni chache. Lakini vichwa vyenyewe havihesabiki kwa urahisi.

MAISHA YA MSIMU MMOJA

Iko mimea idumuyo na iko mimea ya msimu. Pareto, ambayo ililetwa Kenya mwaka wa 1928 na kulimwa na wengi katika nyanda za juu, ni mmea udumuo: hupandwa mara moja na kuchumwa miaka kadhaa, nao huweka nguvu zake katika shina na mizizi ili uishi mpaka mwaka ujao. Mubangi hauna mwaka ujao. Huota, hukua, huchanua, huzaa na kufa katika muda wa miezi michache. Mmea wa namna hii hauweki akiba mizizini; akiba yake yote ni mbegu. Cho chote ulichovuna katika jua na udongo, mbolea ya mkulima ikiwamo, mwisho wake hukigeuza kuwa mbegu.

Mvua ya kwanza ikishuka, mbegu zilizo karibu na uso wa udongo huota baada ya siku chache. Majani mawili ya kwanza ni membamba na hayakugawanyika, na asiyezoea huyapita bila kuyaona. Majani yafuatayo huanza kugawanyika, na harufu huwamo tangu hapo: mkulima mwenye shaka na asugue jani dogo kati ya vidole. Siku hizo mmea ni dhaifu kabisa. Jembe likiupitia juu juu siku ya jua, hunyauka kabla ya saa sita mchana. Baada ya majuma machache huwa na shina gumu lenye mifereji, matawi hutokea, na mtu mmoja hawezi kuung'oa kwa mkono mmoja bila kuinua donge la udongo.

Hapa pana jambo lihusulo Timau kwa namna ya pekee. Mimea mingi huujua wakati wa kuchanua kwa urefu wa mchana na usiku. Mubangi ni mmoja wa mimea ichanuayo mchana uwapo mfupi. Katika nchi za Ulaya, ambako mchana wa kiangazi huweza kuzidi saa kumi na sita, mubangi hukaa miezi mingi ukiongeza majani tu, ukingoja mchana upungue. Na mara nyingi baridi kali huuua kabla haujakomaza mbegu. Lakini mstari wa Ikweta wapita Nanyuki, na Timau ipo karibu nao sana. Mchana wa hapa ni wa saa kumi na mbili hivi mwaka mzima, Januari na Julai sawasawa. Mubangi wa Timau hauna cha kungojea. Ndiyo sababu huweza kuonekana umechanua msimu wo wote wenye unyevu, na ndiyo sababu hata shina lililoota kwa kuchelewa katika kokoto za barabara, lisilozidi shubiri moja na nusu, hutoa vichwa vyake vitatu vinne na kumwaga mbegu. Mkulima asidanganywe na udogo wake, akasema kwamba hilo bado ni changa.

Sasa na ifanywe hesabu. Shina la kadiri lililoota penye nafasi laweza kuwa na vichwa 500. Kila kichwa kikitoa mbegu saba, shina hilo limetoa mbegu 3,500. Hizo haziishi zote: nyingine huliwa na ndege na wadudu, nyingine huoza, nyingine hufunikwa chini mno. Tuseme katika kila mia inaishi moja tu. Bado yatakuwako mashina 35 msimu ujao, na kama hayo nayo yataachwa yazae, mbegu zitakuwa 122,500. Yote hayo yametokana na shina moja ambalo mtu alilipita akasema atalirudia kesho.

Mbegu yenyewe yastahili kutazamwa kwa kioo cha kukuza. Ni nyeusi, nyembamba kama sindano iliyokatwa, yenye urefu wa milimita tano hata saba, nayo ina vinywele vifupi vilivyolala. Kichwani mwake mna vijigamba vichache, na kimoja au viwili kati ya hivyo ni virefu na vyenye ncha kali. Haina mabawa ya kuruka mbali kama mbegu nyingine za jamii yake. Kazi yake ni kushika. Hushika sweta, soksi, blanketi la punda, mkia wa ng'ombe na manyoya ya kondoo. Timau ni nchi ya kondoo pia, na kondoo mmoja aliyelala penye mubangi uliokauka huamka amebeba shamba zima mgongoni.

ULIVYOSAFIRI

Mmea wenye mbegu ya namna hiyo hausafiri peke yake; husafiri na mtu na wanyama wake. Afrika ya Kusini husimuliwa kwamba mubangi uliingia wakati wa vita vya Waingereza na Makaburu, vya mwaka wa 1899 mpaka 1902, pamoja na majani makavu yaliyonunuliwa Argentina kwa ajili ya farasi wa jeshi la Kiingereza. Askari wale walivaa sare za kaki, na mpaka leo Makaburu hulitaja gugu hilo kwa jina la kaki: khakibos, yaani kichaka cha kaki. Vita vilikwisha, askari wakarudi kwao, nalo likabaki.

Magugu ya namna hii huenea baada ya hapo kwa njia zisizo na vita. Mbegu za ngano zisizosafishwa, magunia yaliyotumika mara mbili, majani makavu yaliyonunuliwa mbali, magari, na mifugo inayohamishwa kutoka sehemu moja hadi nyingine: zote hizo ni barabara za mubangi. Mashamba makubwa ya Timau yalifunguliwa na walowezi kabla ya uhuru wa mwaka wa 1963. Leo mengine yamebaki makubwa, na mengine yamegawanywa kuwa vishamba vya ekari chache. Mubangi umeyapata yote mawili, maana ardhi iliyochimbuliwa na kuachwa wazi ndiyo inayoupendeza. Katika msitu mzito wa mlimani hauingii, wala katika nyasi zilizofungamana vizuri, kwa kuwa mche wake mdogo wataka jua. Penye jembe ndipo penye mubangi.

Siku hizi iko barabara moja kubwa kupita zote, nayo ni mashine ya kuvunia. Mwenye kishamba cha ngano hana mashine yake mwenyewe. Huikodi, nayo hutoka shamba moja ikaingia jingine siku hiyo hiyo. Ngano ikiwa tayari kuvunwa, mubangi uliootea ndani yake nao umekomaa, kwa kuwa umri wao hukaribiana. Mashine huvikata vyote viwili, huiweka ngano ndani, na mbegu nyepesi za mubangi huzipuliza nyuma pamoja na makapi, ikizitawanya upana wote wa shamba kwa usawa ambao mkono wa mpanzi haungeweza. Nyingine hubaki katika pembe na mikanda ya mashine. Basi jirani aliyepalilia kwa bidii hupokea mbegu za jirani asiyepalilia, tena hulipa ada ya mashine iliyomletea. Hapo ndipo ugomvi mwingi wa mipakani unapoanzia, na si rahisi kuukata, kwa sababu mwenye kosa husema kwa unyofu kabisa kwamba hakumpandia mtu magugu. Lililo jema ni kupatana kabla ya mavuno, si baada yake: mashine ifagiliwe na kupulizwa kabla ya kutoka shamba chafu, na shamba safi livunwe kwanza.

HARUFU: HASARA NA FAIDA

Jani la mubangi likiinuliwa mbele ya jua, huonekana madoa madogo yanayopitisha nuru, kama tundu za sindano zilizozibwa kwa asali. Hivyo ni vifuko vya mafuta. Jani likisuguliwa hupasuka, na mafuta, yaliyo mepesi sana, hugeuka mvuke na kuijaza hewa. Mmea huyatengeneza kwa ajili ya kujilinda, ili wadudu na wanyama wasiupende, na kwa sehemu kubwa hufanikiwa. Ng'ombe mwenye majani mazuri hauli mubangi. Huupitia kando na kuuacha umesimama, na hivyo malisho yanayolishwa kupita kiasi huishia kuwa na mubangi kuliko nyasi.

Lakini kiangazi kikizidi, au majani yakikatwa pamoja na mubangi na kuletwa zizini, ng'ombe huula kwa njaa au kwa kukosa kuchagua. Ndipo madhara yanapotokea. Mafuta yale hupita tumboni, huingia katika damu, na kutoka kwa maziwa. Maziwa huonekana meupe na mazuri, lakini yana harufu na ladha ya mubangi, na kuchemsha hakuyaponyi. Kwa mama mwenye ng'ombe wawili, jambo hili si dogo. Maziwa yake ya asubuhi ndiyo ada ya shule na sukari ya nyumbani. Akiyafikisha penye kupimwa yakanuswa na kukataliwa, hurudi nayo kama alivyokwenda. Na yasipokataliwa ni vibaya zaidi, kwa sababu humiminwa katika tangi pamoja na ya wenzake, na kopo moja huharibu ya watu wote.

Dawa yake ni nyepesi. Akataye nepia au majani ya mpakani na autenge mubangi papo hapo shambani, kabla ya kufunga mzigo, maana zizini huwa umekwisha kupondeka na kuchanganyika. Na ikiwa hana budi kuchunga mahali penye mubangi, awapeleke ng'ombe baada ya kukama, si kabla, ili saa nyingi zipite mpaka kukama tena. Ng'ombe aliyeacha kula mubangi hurudia maziwa mazuri bila matibabu yo yote.

Ngano nayo huharibika kwa njia kama hiyo. Vipande vya majani na vichwa vibichi vikiingia katika gunia pamoja na punje, harufu huhamia katika punje. Mbegu ya mubangi yalingana na punje ya ngano kwa urefu, basi chekeche peke yake haitoshi kuzitenganisha. Lakini ni nyepesi mno kuliko ngano, kwa hiyo upepo huzitenga vizuri. Apetaye mbegu zake za kupanda siku yenye upepo, akazipeta mara mbili, amefanya kazi kubwa kuliko atakayoifanya kwa jembe miezi mitatu baadaye.

Wala haifai kuusema mubangi kwa ubaya tu. Watu wa Peru huulima kwa makusudi, huuita huacatay, na husaga majani yake pamoja na pilipili kuwa kitoweleo cha viazi na nyama. Ni ajabu kufikiri kwamba kile ambacho mkulima wa viazi wa Timau hung'oa kwa hasira, mkulima wa viazi wa Peru, ambako ndiko asili ya kiazi chenyewe, hukichuma na kukipeleka jikoni. Mafuta ya mubangi hukamuliwa kwa mvuke katika nchi kadhaa, Afrika ya Kusini, Misri na India zikiwamo, na kuuzwa kwa watengenezaji wa manukato. Na hapa Kenya watu wengi wamejifunza wenyewe kuutumia: huweka matawi yake katika viota vya kuku ili kufukuza utitiri, hutandika majani yake penye njia ya siafu, au huloweka majani yaliyopondwa na kuyanyunyiza juu ya sukuma yenye vidukari. Wadudu huchukia harufu, lakini harufu ya mafuta mepesi haidumu. Siku mbili tatu zikipita, jua limekwisha kuipeperusha, na kazi lazima irudiwe.

Mizizi yake ina nguvu nyingine. Ndani yake mna sumu inayowadhuru minyoo midogo sana ya udongo, isiyoonekana kwa macho, ambayo huingia katika mizizi ya mazao na kuifanya ivimbe mafundo. Wakulima wa bustani katika nchi nyingi hupanda mubangi au ndugu zake kwa sababu hiyo. Lakini mwenye viazi asije akaona hapo kisingizio cha kuacha kupalilia. Mashina machache yaliyotawanyika kati ya viazi hayawezi kusafisha udongo. Hula mbolea ya viazi tu. Ili sumu ile ifanye kazi, mubangi hupandwa peke yake, umebanana, kwa muda wa miezi miwili au zaidi, katika zamu ya shamba ambapo zao halimo, kisha hukatwa kabla ya kuzaa. Tena si minyoo ya kila aina inayoshindwa nao. Na aushughulikiaye kwa wingi siku ya jua kali avae mikono mirefu, maana sumu hiyo huamshwa na nuru, na utomvu ukikaa katika ngozi iliyopigwa na jua waweza kuichoma. Kwa sababu hiyo nchi za Muungano wa Ulaya ziliweka mpaka, mwaka wa 2018, juu ya kiasi cha mafuta haya kinachoruhusiwa katika vipodozi.

WAKATI WA KUUPIGA

Kwa kuwa mubangi ni mmea wa msimu mmoja, hauna shina la chini wala kiazi cha kujifichia. Ukikatwa chini ya majani yake ya kwanza, umekufa. Siyo kama sangari au ndago, ambazo kila kipande cha mzizi huwa mmea mpya. Shida ya mubangi imo yote katika mbegu, nazo hazioti zote mwaka mmoja. Nyingine hulala udongoni zikingoja plau nyingine iziinue. Kwa hiyo apaliliaye msimu mmoja kisha akalegea amepoteza nguvu zake. Apaliliaye misimu kadhaa mfululizo, bila kuruhusu hata shina moja limwage, ataona hesabu ile ya 3,500 imegeuka upande wake.

Palizi ya kwanza na ifanywe ingali miche ina majani manne au sita, siku kavu, na jembe liende juu juu. Jembe la kina hung'oa magugu ya leo na kuamsha ya kesho. Katika ngano na shayiri, ambamo jembe haliingii, wengi hutumia dawa za kuua magugu yenye majani mapana. Dawa hizo hufaa mmea ukiwa mchanga, na hazifai ukisha kukomaa. Zaidi ya hayo hazichagui kati ya mubangi na maharagwe, kwa maana yote ni majani mapana. Upepo wa Timau ni mkali mchana, na mvuke wa dawa ukivuka mpaka waweza kukausha viazi vya jirani. Afadhali kunyunyiza alfajiri, upepo ukiwa umetulia, na baada ya kumwuliza Bwana Shamba kipimo.

Wengi husahau kando za shamba. Mkulima husafisha ekari mbili za ngano na kuacha ukanda wa mita moja penye ua, kwa sababu pale hapalimwi. Ukanda huo ndio ghala ya mbegu. Kupitisha panga mara mbili kwa msimu, kabla ya vichwa kupasuka, kwatosha.

Na mubangi uliong'olewa ukiwa na maua usitupwe juu ya samadi. Shina lililong'olewa halifi papo hapo. Lina maji ndani yake, na kwa siku kadhaa huendelea kuzilisha mbegu, hata zile zilizokuwa bado kukomaa. Kisha samadi hiyo hupelekwa shambani, na mwenye shamba hustaajabu kuona kwamba mahali alipotia mbolea ndipo palipo mubangi mwingi. Ulio mchanga, usio na maua, waweza kuachwa juu ya tuta ukauke, au kutiwa katika shimo la mboji. Wenye maua hukusanywa mahali pamoja, hukaushwa na kuchomwa, mbali na ngano iliyokauka, na majivu yake hurudishwa shambani.

Baada ya kazi hiyo, kabla ya kuingia nyumbani, ni vema mtu akung'ute suruali na sweta yake pale pale penye moto.